Hesabu ya Kutoa

Kwetu nyumba hujumlishwa:
boriti juu ya boriti, udongo juu ya fito,
chokaa ikikauka fundi anadai chake.
Huku Kapadokia walifanya hesabu ya kutoa.
Walilikabili jabali, wakatoa mlango,
wakatoa jiko, wakatoa kitanda cha bibi,
wakatoa zizi la punda na kihori chake,
na pale palipobaki patupu
wakapaita nyumbani.

Mwenyeji wangu ni bibi Döndü, yaani Amegeuka.
Babaye alikuwa na mabinti wanne,
wa tano akampa jina kama dua:
bahati igeuke, aje wa kiume.
"Akaja?"
"Alikuja Yeter," akasema. "Maana yake Basi."

Kanisa ni dogo, lawaenea watu saba wakikunja mabega.
Nguzo nne, na hata moja haina inachobeba:
jabali linajishika lenyewe,
nguzo walizichonga ili sala isijione ugenini.
Moja imekatika chini,
inaning'inia darini kama kiwele.
Njiwa wametaga alipokuwa akisimama kasisi.
Ukutani watakatifu wana kanzu, wana vidole virefu,
macho hawana.

"Nani aliwakwangua?"
"Wengi. Na mama yangu," alisema bila haya.
"Nilikuwa na homa ya siku tisa.
Akachukua kijiko, akakwangua jicho la yule mwenye farasi,
akalikoroga na maji, nikanywa."
Akajigonga kifuani mara mbili.
"Wataalamu wanakuja na taa zao, wanalitafuta.
Liko humu."

Tukashuka chini ya kijiji.
Ngazi, kisha ngazi, kisha mahali pa kutambaa,
mgeni unainama upende usipende,
jabali halijui cheo.
Lango ni jiwe la duara, kubwa kuliko la kusagia,
lasukumwa na watu wawili, tena kwa ndani tu;
adui alibaki nje akilisikiliza.
Hapa pishi la divai. Hapa kisima.
Hapa, alisema, ndipo wanawake walipowaziba watoto midomo
farasi wa watu walipopita juu ya vichwa vyao.
Taa ikazimika.
Sijawahi kusikia shingo yangu ikipiga
kwa kelele namna ile.

Nikauliza, ili nisikie sauti ya mtu,
udongo wote huu walioutoa ulikwenda wapi,
mbona hakuna kilima?
Gizani akajibu:
"Asubuhi ulikula nini?"
"Mkate. Na aprikoti kavu."
"Basi."

Mwaka wa theluji nzito dari la kwao lilipasuka.
Serikali ikaja na malori na karatasi,
ikawapa nyumba za saruji kule bondeni,
friji wakati wa baridi, tanuri wakati wa joto.
Mama alilala mlangoni miezi mitatu
akisema kuta zile nyembamba
zinamsikia akiota.

Sasa chumba alichozaliwa kina kamba nyekundu
na kibao chenye lugha nne.
Kijana wa tiketi, mjukuu wa Yeter,
alimtoza nusu bei
na kumpa stakabadhi.

Watalii walipotangulia alipitisha mkono juu ya kamba,
bila kuangalia, kama mtu atafutaye swichi usiku,
akakipata kishubaka cha taa.
Kidole kilirudi cheusi.
Masizi ya nani, sikuuliza;
ya bibi yake, ya Wagiriki waliohamishwa kabla yao,
ya watawa, ya mtu wa kwanza
aliyeligonga jiwe akasikia ni laini.
Alikinusa kile kidole,
kisha akakipangusa taratibu
nyuma ya stakabadhi yake, akaikunja.

"Nyanya!" kijana akapaza sauti toka dirishani.
"Nyanya, haturuhusu kugusa!"

Döndü hakugeuka.